Duka Kubwa Linapotaka Kuingia Mtwara au Lindi: Jinsi ya Kujipanga Kabla ya Kibali

Bango la kusudio la kubadili matumizi ya ardhi likishachomekwa kiwanjani, mengi yameshapita. Mnunuzi amekubaliana bei na mwenye eneo, mchoraji amelipwa, na pengine kampuni itakayokodi jengo imeshasaini. Wakazi wanaoanza kazi siku hiyo huishia kubishana juu ya rangi ya ukuta na ajira za ulinzi. Nguvu halisi ya mji iko nyuma zaidi, kwenye mpango wa matumizi ya ardhi na sheria ndogo, na iko kwenye karatasi ya masharti inayoambatana na kibali. Mwongozo huu umeandikwa kwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, viongozi wa masoko na yeyote mwenye kiwanja, banda au nyumba karibu na eneo linalonyemelewa.

Duka tunalolizungumzia ni lile lisilo na ghorofa, kuta bapa, dari juu, maegesho mapana mbele, likiuza chakula, vyombo, nguo na vifaa vya ujenzi chini ya paa moja. Huko Marekani, duka la Walmart la daraja la Supercenter lina wastani wa zaidi ya mita za mraba 16,000, yaani viwanja viwili vya mpira na zaidi. Ukubwa huo usiwatishe wala usiwalaze. Carrefour ilipofungua duka lake la kwanza la namna hii karibu na Paris mwaka 1963, lilikuwa na mita za mraba 2,500 tu, na miaka 10 baadaye Ufaransa ilikuwa imeshatunga sheria ya kuyadhibiti. Kwa Mtwara-Mikindani au Lindi mjini, mita 2,000 tayari ni duka kubwa.

Andikeni kipimo kwanza

Sheria hiyo ya Ufaransa ya mwaka 1973 iliweka mstari: duka lenye eneo la kuuzia linalozidi mita za mraba 1,000 kwenye miji midogo, au 1,500 kwenye miji mikubwa, lilihitaji idhini ya pekee. Mwaka 1996 mstari ukashushwa hadi mita 300, na mwaka 2008 ukarudishwa 1,000. Ujerumani hutumia mita 800 za eneo la kuuzia. Somo la nchi hizi ni moja: mstari wowote mtakaouchora, wajenzi watasimama mita moja chini yake. Kwa hiyo maneno ya namna ya kupima yana uzito kuliko namba yenyewe.

Kwa miji yetu tunapendekeza ngazi 3. Chini ya mita za mraba 500, kibali cha ujenzi cha kawaida. Kati ya 500 na 2,000, mwombaji alete hesabu ya magari na mchoro wa maji ya mvua. Zaidi ya 2,000, alete tathmini kamili ya soko, barabara, maji na mazingira, na ombi lake lijadiliwe katani kabla ya kufika kwenye kamati ya madiwani. Mikindani iwe na kikomo chake: vichochoro na majengo yake ya kale havibebi jengo la namna hii kwa ukubwa wowote.

Kisha andikeni kipimo kwa maneno yasiyo na mwanya. Mfano:

"Eneo la duka ni jumla ya sakafu zote zilizo ndani ya kuta za nje, pamoja na stoo, ghorofa ya kati, na eneo la wazi linalotumika kuuzia bidhaa. Majengo mawili au zaidi yanayotumia maegesho, lango au uwanja mmoja wa kushushia mizigo yatahesabiwa kuwa jengo moja, hata kama yana hati tofauti. Upanuzi wowote ndani ya miaka 5 utajumlishwa na eneo la awali."

Bila sentensi ya pili, mwombaji ataleta maduka manne ya mita 490 yaliyogusana migongo. Bila ya tatu, atajenga mita 1,900 leo na kuongeza 1,500 mwaka ujao kwa kibali cha ukarabati.

Maneno haya yanakaa wapi? Sehemu mbili. Kwanza kwenye mpango kabambe wa mji na michoro ya mipango miji iliyo chini yake, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Pili kwenye sheria ndogo za halmashauri. Halmashauri hutangaza rasimu ili wananchi watoe maoni na mapingamizi, Baraza la Madiwani hupitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huidhinisha, na tangazo hutoka kwenye Gazeti la Serikali. Safari hiyo ni ndefu, ndiyo sababu haifai kuanzwa baada ya mwekezaji kufika. Sheria ndogo iliyotungwa wakati ombi liko mezani itaonekana imemlenga mtu mmoja, na mahakamani hiyo ni hoja nzito dhidi yenu.

Eneo likiwa kijijini, kwa mfano kwenye mashamba ya mikorosho pembezoni mwa barabara kuu, mambo hubadilika. Hapo inahusika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na ardhi ya kijiji haigeuki kuwa ya uwekezaji mpaka ihawilishwe, yaani itolewe rasmi kwenye kundi la ardhi ya kijiji. Kwa eneo lisilozidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kauli ya kukubali au kukataa. Likizidi hapo, waziri huamua baada ya kijiji kutoa mapendekezo. Mwenyekiti na mtendaji peke yao hawana mamlaka hayo. Muhtasari wa kikao bila orodha ya mahudhurio iliyosainiwa ni kasoro ya kwanza ya kuitafuta. Pia asiye raia hapati ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji kwa utaratibu wa sheria, kwa hiyo ulizeni hati itakuwa kwa jina la nani na kwa miaka mingapi.

Eneo likiwa karibu na bahari au mto, pimeni kwa futi kamba kabla ya mjadala wowote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo. Mikoko iliyokatwa "kusafisha mandhari" ndiyo dalili ya mapema kuliko zote.

Hesabu ya soko

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, kwa sababu ndipo wengi hubahatisha. Kusema "wafanyabiashara wetu watakufa" hakumsaidii diwani kuamua. Leteni namba.

Anzeni na upande wa duka. Mfano: eneo la kuuzia ni mita za mraba 2,000, na duka linahitaji mauzo ya shilingi 400,000 kwa kila mita kwa mwezi ili lilipe gharama zake. Hayo ni shilingi milioni 800 kwa mwezi. Sasa upande wa wateja: tuseme kaya ya kawaida inatumia shilingi 150,000 kwa mwezi kwa bidhaa ambazo duka hilo litauza. Milioni 800 ni matumizi yote ya kaya 5,333. Ikiwa kila kaya itahamisha theluthi tu ya matumizi yake, duka linahitaji kaya 16,000. Linganisheni na idadi ya kaya za kata zinazolifikia duka kwa bodaboda ndani ya nusu saa, kwa kutumia sensa ya 2022. Kaya zikipungua, moja kati ya mawili litatokea: duka litakula masoko yaliyopo zaidi ya linavyodai, au litafungwa. Mwombaji aeleze ni lipi. Namba za mfano huu ni za kuonyesha njia. Zenu zitoke kwake kwa upande wa mauzo, na kwenye dodoso lenu kwa upande wa kaya.

Dodoso lifanyike mara mbili. Mtwara na Lindi pesa huja na korosho: minada kwa kawaida huanza Oktoba, na malipo yakiingia maduka hujaa. Ukihesabu Novemba pekee utaona mji tajiri. Ukihesabu Juni pekee utaona mji usionunua kitu. Mwombaji akileta utafiti uliofanyika ndani ya msimu tu, urudishwe.

Sokoni, waulizeni wauzaji mambo manne: anauza nini, ananunua wapi kwa jumla, ana wasaidizi wangapi, na sehemu gani ya mauzo yake ni ya mkopo au ya kupima. Hilo la nne ndilo linaloonyesha nani ataumia. Duka kubwa halikopeshi mpaka korosho ziuzwe, haliuzi sukari robo wala mafuta ya kula kwa kibaba. Muuza genge, muuza samaki na mama wa mbogamboga wana kinga kiasi. Anayeumia kwanza ni mwenye duka la kati: anayeuza sabuni, unga wa kilo 5, maziwa ya unga, nepi na maji ya katoni kwa jumla na rejareja. Huyu ndiye anayewapa mzigo wenye maduka madogo ya mitaani na vijijini, kwa hiyo akianguka, hasara inafika Nanyamba na Mtama kabla haijaonekana Soko Kuu. Mtafuteni mapema, maana mara nyingi hahudhurii vikao vya wamachinga wala vya chemba ya wafanyabiashara.

Kuna jambo la leseni pia. Amri ya mwaka 2025 inayowazuia wasio raia kufanya biashara za jumla na rejareja imeziacha supamaketi nje ya katazo. Kwa hiyo neno "supamaketi" kwenye ombi lina thamani yake. Mwombaji aeleze aina za bidhaa, eneo la kila aina kwa mita, na kama atauza kwa jumla, ili leseni isije ikafunika shughuli ambayo haikuombwa.

Barabara na maegesho

Jueni kwanza barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa; za mitaa na wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na maegesho ya duka hayaruhusiwi kuingia humo, hata kwa muda. Ruhusa ya kuunganisha lango na barabara kuu hutolewa na TANROADS, si manispaa, na iombwe kabla ya kibali cha ujenzi. Mkiacha iombwe baadaye, jengo litakuwa limeshasimama na lango litapitishwa popote.

Magari yahesabiwe saa 1 hadi 3 asubuhi na saa 10 hadi 1 jioni, kwa siku tatu, mojawapo iwe Jumamosi. Rudieni wakati malori ya korosho yanaposhuka kutoka Masasi, Newala na Tandahimba kuelekea bandarini. Gawanyeni fomu: magari madogo, daladala, bajaji, bodaboda, baiskeli, malori, waenda kwa miguu. Fomu zinazoletwa kutoka nje huwa na safu moja ya "pikipiki" na hazihesabu watembeao, na hapo mji wetu unapotea kwenye karatasi.

Kosa kubwa la maegesho ni kunakili kipimo cha nchi ambako kila mtu mzima ana gari. Kipimo hicho ni karibu gari 1 kwa kila mita 20 za duka. Duka la mita 5,000 litadai nafasi 250, na kila nafasi pamoja na njia yake hula mita za mraba 30 hivi: jumla 7,500, zaidi ya duka lenyewe. Kwa Mtwara, gari 1 kwa mita 50 linatosha kabisa kuanzia: nafasi 100, mita 3,000. Ongezeni bajaji 60 kwa mita 8 kila moja pamoja na kugeukia, na bodaboda 150 kwa mita 3.5. Mnafika kama mita 4,000. Eneo lililookolewa libaki kwenye mchoro kama akiba yenye miti, na lijengwe tu ikiwa hesabu ya mwaka wa pili itaonyesha haja.

Maegesho yawe ubavuni au nyuma. Mlango mkuu utazame barabara ya watembea kwa miguu, na njia ya kutoka kituo cha daladala hadi mlangoni iwe na kivuli cha miti au kibaraza. Jua la saa nane linawafanya wazee na wenye watoto wapande bajaji kwa mita 150, na gharama hiyo hawakuiomba. Mabanda ya mama lishe na wamachinga yachorwe ndani ya eneo tangu mwanzo, yakiwa na maji na choo. Msipoyachora, yatajichora yenyewe kwenye hifadhi ya barabara ndani ya wiki ya kwanza, kisha watafukuzwa na mgambo kwa kosa ambalo mchoro uliliandaa.

Malori yaingie kwa lango lake. Trela refu linageuka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 13 hivi. Uwanja mdogo kuliko huo unalazimisha trela kurudi nyuma barabarani. Hilo likionekana kwenye mchoro, likataeni bila kungoja maelezo.

Maji ya mvua

Mvua zetu huja kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei, na zikija huja kwa kishindo. Chukueni mfano ule wa kwanza wa maegesho: paa mita 5,000 na lami mita 7,500. Mvua ya milimita 50 juu ya mita 12,500 ni mita za ujazo 625. Ukitoa kidogo kinachokauka na kunyonywa, kama 560 zinatiririka. Hizo ni lita 560,000, sawa na maboza 56 ya lita 10,000, zikimwagwa kwa mchana mmoja kwa majirani walio bondeni.

Sharti liandikwe hivi: maji yanayotoka kiwanjani baada ya ujenzi yasizidi yaliyokuwa yakitoka kabla. Njia rahisi ni bustani za bonde, yaani maeneo yaliyoshushwa sentimita 30 kati ya safu za maegesho. Mita za mraba 1,900 zilizoshushwa hivyo hubeba zile 560 zote. Maji ya paa yaende kwenye matangi ya vyoo na kumwagilia.

Pimeni unyonyaji wa ardhi wenyewe. Ni kazi ya jembe na saa. Chimbeni shimo la sentimita 30 kwa 30, kina cha mita 1. Lijazeni maji jioni, liache lilowe usiku kucha. Asubuhi wekeni tena maji kiasi, mpime yanavyoshuka. Sentimita 10 chini ya nusu saa ni ardhi nzuri, na kichanga cha Mtwara mara nyingi kitafanya hivyo. Zaidi ya saa 2 inamaanisha mmegonga udongo wa mfinyanzi au mwamba wa matumbawe, na bustani ya bonde itageuka dimbwi la mbu. Hapo litahitajika bwawa lenye tundu la kutolea maji polepole. Fanyeni mashimo yasiyopungua matano, kwa sababu ndani ya kiwanja kimoja hali hutofautiana.

Kinachoharibu bustani hizi ni fundi. Zikichimbwa mapema na kutumiwa kuchanganyia zege, uji wa saruji huziba mchanga na hazitanyonya tena. Zichimbwe mwishoni, baada ya lami. Na kwa kuwa mji wa Mtwara unategemea visima, maji ya maegesho yapite kwanza kwenye chemba ya kutenganisha mafuta, inayosafishwa kila baada ya miezi 3.

Masharti ya wauzaji wa ndani

Halmashauri haiwezi kuliamuru duka linunue kwa nani. Inaweza kuafikiana nalo, na maafikiano hayo yakaandikwa. Walmart ilipoinunua Massmart ya Afrika Kusini, mamlaka za ushindani na mahakama zilitoa ruhusa yenye masharti, na mwaka 2012 mfuko wa kuwaendeleza wasambazaji wa ndani ukapangwa kuwa randi milioni 240. Masharti hayo yaliwezekana kwa sababu ruhusa ilikuwa bado haijakamilika.

Ombeni mambo yanayopimika: mita ngapi za rafu kwa bidhaa za mikoa yetu ya kusini, na malipo ndani ya siku ngapi. Siku za malipo ni muhimu kuliko rafu. Kikundi cha kubangua korosho kikilipwa baada ya siku 90 kitakuwa kimeshauza mtaji wake. Ng'ang'anieni siku 14 kwa vikundi, 30 kwa wengine. Upande wenu, viandaeni vikundi kabla: alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango), msimbo wa mistari (barcode) unaoanza na 620, vifungashio vyenye tarehe, na kiasi kinachoweza kutoka kila wiki bila kukatika. SIDO, shirika la viwanda vidogo, husaidia katika vifungashio na usindikaji. Kikundi kinachopeleka katoni 200 mwezi wa kwanza na 15 mwezi wa pili huondolewa rafuni, na kurudi ni vigumu.

Siku duka likifungwa

Sharti hili husahaulika kuliko yote. Shoprite ya Afrika Kusini ilijiondoa Tanzania mwaka 2014 na kuyauza maduka yake kwa Nakumatt ya Kenya. Kampuni nyingine ya Kenya, Uchumi, ikafunga maduka yake nchini mwaka 2015, na Nakumatt yenyewe haikudumu. Dar es Salaam jengo kama hilo hupata mpangaji mwingine. Lindi, mpangaji wa pili anaweza asiwepo kwa miaka.

Kwa hiyo jengo lichorwe tangu mwanzo liweze kugawanywa. Nguzo zikae kwa mpangilio sawa wa mita 6 hadi 9, kuta za nje ziachiwe nafasi za milango pande tatu, mabomba ya maji na maji taka yafike kila robo ya jengo, na umeme uweze kutengwa, kila sehemu na mita yake. Jengo la namna hiyo linaweza kuwa maduka 12, chuo cha ufundi au ghala la mazao. Lile lenye mlango mmoja na choo kimoja kwenye kona huishia kuwa pango la popo.

Andikeni pia kwamba mwenye jengo hataweka kwenye mkataba wa kuuza au kupangisha kifungu kinachomkataza mshindani kulitumia. Kampuni kubwa nchini Marekani zimetumia vifungu hivyo, na majengo yakakaa matupu kwa makusudi. Mwisho, dai dhamana ya benki inayolingana na gharama ya kubomoa na kusafisha, iliyokadiriwa na mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na kuangaliwa upya kila miaka 5. Duka likikaa tupu miezi 6, mwenye jengo alete mpango wa matumizi mapya kwa mkurugenzi. Likifika miezi 18 bila mpango kutekelezwa, dhamana ichukuliwe. Nakala ya masharti yote ikae kwa mtendaji wa kata na kwa uongozi wa soko, maana faili la manispaa lina tabia ya kutoonekana afisa aliyelifungua anapohamishwa.